Nusu Kaputi ya Mtoto Aliyeungua: Kutoka Boston hadi Wasso

Mtoto aliyeungua vibaya hapigwi nusu kaputi mara moja akaamka akaenda zake nyumbani. Atalazwa usingizi siku za mwanzo ili vidonda visafishwe, kisha bandeji zibadilishwe, kisha ngozi iliyokufa iondolewe, kisha ngozi ya paja ipandikizwe kifuani, kisha bandeji tena na tena. Mwaka mmoja au miwili baadaye, kovu likishakaza shingo au kiwiko, atarudi mezani upya. Mama anayejifungua kwa upasuaji anamhitaji mtaalamu wa usingizi kwa saa moja hivi. Mtoto huyu anamhitaji kwa miezi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama hospitali ya wilaya ina huduma ya usingizi kweli, au ina chupa za dawa kabatini tu, usianzie kwenye mashine. Uliza mtoto aliyeungua anasafishwa vidonda kwa dawa gani, na nani anakaa kichwani pake wakati huo.

Chukua mfano wa kata ya Oloipiri, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, Tanzania, upande wa Serengeti. Usiku kule kuna baridi kali. Nyumba ya Kimaasai, enkaji, ni fupi, imekandikwa kwa udongo na samadi, matundu yake ni madogo, na moto unawaka ndani, pale pale ambapo mtoto anayejifunza kutembea hupita akienda kwa mama au kwa bibi yake. Moto huo ndio jiko, ndio taa, ndio joto la kulalia. Sufuria ya chai ya maziwa juu ya mafiga iko usawa wa mikono ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Wanaomlaumu mama wa namna hii kwa uzembe hawajawahi kulala katika nyumba hiyo mwezi wa Julai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na maji, uji na maziwa ya moto huunguza watoto wadogo kuliko ndimi zenyewe za moto.

Afrika Mashariki haikusubiri meli za Ulaya ili ijue kwamba uchungu wa kisu unapaswa kupunguzwa. Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, mama akipasuliwa ili mtoto atolewe tumboni. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu, na pombe hiyohiyo ikaoshewa mikono ya mpasuaji na tumbo la mgonjwa. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Felkin alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884, katika mji uleule ambako klorofomu ilikuwa imeanza kutumika miaka 37 kabla. Utaalamu ulikuwepo, na huruma ilikuwepo. Lakini pombe haimfai mtoto mchanga: kiasi cha kumtuliza na kiasi cha kumkata pumzi vinakaribiana mno.

Tarehe inayokumbukwa na wote ni Oktoba 16, 1846, siku William Morton alipomvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari wa Massachusetts General Hospital, Boston, na mgonjwa akakatwa uvimbe wa shingoni bila kupiga kelele. Novemba 1847 James Young Simpson wa Edinburgh alileta klorofomu, ambayo haikuwaka moto kama etha na ilimshika mgonjwa haraka. Haukupita hata mwaka. Januari 28, 1848, karibu na Newcastle, binti wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alivutishwa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa mguu, na akafa ndani ya dakika chache. Ukucha tu! Kifo hicho kilifundisha jambo ambalo historia yote iliyofuata imekuwa ikilirudia: anayetoa usingizi asiwe na kazi nyingine ila kumtazama mgonjwa. John Snow wa London, huyohuyo aliyeonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu husafiri na maji ya kunywa, ndiye aliyeifanya kazi hiyo kuwa taaluma. Alipima dozi, akahesabu pumzi, akaandika kila mgonjwa, watoto wakiwemo.

Dawa zilisafiri kuja kwetu upesi kuliko taaluma. Mwaka 1897 ulikuta hospitali ya Ocean Road ikifunguliwa Dar es Salaam na Albert Cook akianzisha Mengo, Uganda. Katika hospitali nyingi za misheni na za serikali za kikoloni, mtu wa kudondosha klorofomu au etha kwenye kitambaa alikuwa yeyote aliyepatikana: muuguzi, mke wa daktari, dresa aliyefundishwa papo hapo. Daktari mmoja alipasua huku akimwangalia kwa jicho la pembeni yule anayedondosha. Nyanda za Wamaasai zilikuwa mbali hata na hilo.

Wakati huohuo madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa hawajajua vizuri kinachomwua mtu aliyeungua. Wengi walidhani ni sumu itokayo kwenye ngozi iliyoiva. Mwaka 1925 Edward Davidson wa Detroit alianza kupaka vidonda asidi ya taniki, jamii ya kile kinachotumika kulainisha ngozi za wanyama, ili kidonda kiote gamba gumu. Jibu la kweli lilikuwa limeshaonekana New Haven mwaka 1921, ambapo Frank Underhill alichunguza majeruhi wa moto wa jumba la Rialto na kukuta kwamba maji ya malengelenge yanafanana na maji ya damu yenyewe. Aliyeungua anakauka kwa ndani. Usiku wa Novemba 28, 1942 klabu ya Cocoanut Grove iliteketea Boston, watu 492 wakafa, na waliofikishwa hospitalini wakaongeza ushahidi: wengine walihitaji maji mengi mishipani, wengine waliuawa na moshi uliovimbisha njia ya hewa. Mwaka 1944 Lund na Browder, mjini humohumo, walichora ramani ya mwili inayomtenganisha mtoto na mtu mzima. Kichwa cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni karibu asilimia 19 ya ngozi yake yote. Ukimpima kwa hesabu ya mtu mzima, utakosea maji, na utakosea dawa pia.

Hapa ndipo historia ya moto wa Ulaya inapopanda Mlima Kilimanjaro. Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu huko East Grinstead, Uingereza, marubani walioungua nyuso na mikono katika Vita vya Pili. Aliipiga vita asidi ya taniki, akawalaza wagonjwa kwenye maji ya chumvi baada ya kuona kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri zaidi, na akawapasua mara nyingi, kidogo kidogo, kwa miaka. Wagonjwa wake walianzisha chama chao mwaka 1941, kikafikisha wanachama 649. Kila mmoja wao alipita mikononi mwa mtaalamu wa usingizi, na jina la John Hunter, aliyekaa kichwani pa wengi wao, halipaswi kusahaulika pale jina la McIndoe linapotajwa. Bila yeye rubani asingerudi thieta kwa mara ya kumi kwa hiari yake.

Mwanafunzi wa McIndoe, Michael Wood, alihamia Kenya na baadaye akawa na shamba miteremko ya Kilimanjaro. Huko, mwaka 1956, Wood, McIndoe na Mmarekani Tom Rees, wote watatu madaktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo, walizungumzia jinsi ya kuwafikia wagonjwa walioishi mbali na barabara. Mwaka uliofuata, 1957, wakaanzisha shirika linalojulikana kama AMREF, madaktari wanaoruka. Watu wengi wanaijua AMREF kwa chanjo, vyoo na mafunzo ya afya. Mizizi yake iko kwenye ngozi iliyoungua. Ndege ilimleta mpasuaji hadi kwenye uwanja wa nyasi, redio ikaunganisha hospitali za misheni na Nairobi, na makovu yaliyokunja mikono ya watoto yakaanza kufunguliwa. Ila ndege ina tabia moja: inaondoka. Mpasuaji akimaliza kupandikiza ngozi Jumanne, bandeji inapaswa kufunguliwa kabla ya wiki kwisha, na siku hiyo mtoto anabaki na wale waliopo.

Waliopo Loliondo walipata nyumba ya kufanyia kazi mwaka 1964, wakati Herbert Watschinger, padri na daktari kutoka Austria, alipoanzisha hospitali ya Wasso. Baadaye alifika pia Endulen, upande wa pili wa nyanda za juu. Wasso ndiyo ikawa hospitali teule ya wilaya, na mtoto wa Oloipiri akiungua, hospitali anayopelekwa kwanza ni hiyo. Haydom, kule Mbulu, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1955 na Wanorwei. KCMC ya Moshi ilifunguliwa mwaka 1971, na humo wauguzi wengi wamesomea kazi ya usingizi na kurudi wilayani kwao.

Mashine iliyozifaa hospitali za aina hiyo ilitengenezwa Oxford katikati ya miaka ya 1950 na Epstein na Macintosh, ikaitwa EMO. Haikuhitaji umeme wala mtungi wa gesi: mgonjwa mwenyewe, kwa pumzi yake, alivuta hewa ya chumbani ikapita juu ya etha. Ilikuwa ya bei nafuu na ngumu kuharibika. Lakini etha hushika polepole, humtapisha mtoto, na huwaka. Kwenye chumba chenye taa ya karabai au jiko la kupashia joto, kumlaza mtoto aliyeungua kwa dawa inayoweza kulipuka lilikuwa jambo la kutia hofu. Zaidi ya hapo, maski inapaswa kubana usoni. Na kama uso wenyewe ndio umeungua?

Jibu lilitoka Detroit. Mwaka 1962 Calvin Stevens, mkemia aliyekuwa mshauri wa kampuni ya Parke-Davis, alitengeneza ketamini. Mwaka 1964 watafiti Edward Domino na Guenter Corssen waliwapa dawa hiyo wafungwa wa kujitolea wa Jackson, Michigan, na mwaka 1970 serikali ya Marekani ikairuhusu. Sidhani kama kuna dawa nyingine ya usingizi iliyobadilisha maisha ya mtoto wa kijijini kiasi hicho. Inadungwa kwenye msuli wa paja, kwa hiyo mtoto ambaye mikono na miguu yake imeungua, ambaye mshipa haupatikani, bado anaweza kulazwa. Baada ya dakika chache macho yanabaki wazi, yanacheza kidogo, machozi na mate vinatoka, lakini mtoto hayupo tena kwenye maumivu yake. Anapumua mwenyewe. Shinikizo la damu halianguki. Umeme ukikatika, muuguzi anaendelea kulowesha shashi iliyogandia kidondani na kuibandua kipande kwa kipande, huku mwenzake ameshika taya la mtoto kwa vidole viwili ili ulimi usizibe koo, na kiganja kingine kiko kifuani kikihesabu pumzi.

Shirika la Afya Duniani limeiweka ketamini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 1985, na mwaka mmoja baadaye kitabu cha Maurice King kuhusu usingizi katika hospitali ndogo kilieleza kwa kirefu jinsi ya kuitumia. King hakuwa mgeni kwetu. Kazi yake iliyomjulisha kwa dunia ilitokana na mazungumzo ya Makerere na kuchapishwa mwaka 1966. Machi 2015 China ilipendekeza kwenye kamisheni ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa kwamba ketamini iwekewe udhibiti wa kimataifa kwa sababu vijana mijini waliitumia kujilevya. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipinga, na uamuzi ukaahirishwa. Waliopendekeza walikuwa wakifikiria kumbi za starehe. Kama pendekezo lingepita, vibali na makaratasi vingeisumbua kwanza hospitali ambayo dawa yake ya kumlaza mtoto ni hiyo tu.

Hata hivyo ketamini si muujiza, na aliyefundishwa vibaya anaweza kumwua mtoto nayo. Koo linaweza kukaza ghafla. Mtoto aliyechomwa sindano hiyo mara nyingi huanza kuhitaji dozi kubwa zaidi. Na mwili ulioungua una tabia zake. Ngozi ikiondoka, joto linaondoka nayo, na thieta ya Ngorongoro asubuhi ya baridi inaweza kumdhuru mtoto uchi mezani kabla kisu hakijamgusa. Chumba kipashwe joto mpaka wahudumu wenyewe watoke jasho. Damu yake ni kidogo: mtoto wa kilo 10 ana takriban mililita 800 mwili mzima, na kuondoa ngozi iliyokufa, njia iliyoenezwa na Zora Janžekovič wa Maribor mwaka 1970, kunatoa damu nyingi kwa muda mfupi. Kuna pia dawa ya kulegeza misuli, saksinilikolini, inayotumika kila siku kwa wagonjwa wengine. Miaka ya 1960 madaktari waligundua kwa nini mioyo ya baadhi ya walioungua ilisimama baada ya kuipata: kuanzia siku ya pili hivi baada ya ajali, misuli huachia potasiamu nyingi mno ikichomwa dawa hiyo. Asiyeambiwa hawezi kulibuni jambo hilo. Halafu iko njaa. Kila akitayarishwa kwa thieta ananyimwa chakula, na mtoto anayepaswa kula kuliko wenzake ili ngozi iote anashinda bila maziwa, na pengine thieta ikaahirishwa saa nane mchana. Upangaji mzuri wa orodha ya asubuhi, mtoto aliyeungua akawa wa kwanza, ni tiba isiyogharimu chochote.

Ugumu mwingine ulikuwa wa mawazo. Mpaka miaka ya 1980, hata hospitali kubwa za nchi tajiri ziliwapasua vichanga kwa dawa kidogo sana ya maumivu, kwa imani kwamba neva zao hazijakomaa. Utafiti wa Kanwaljeet Anand na wenzake, uliochapishwa mwaka 1987, ulionyesha kwamba vichanga waliopata dawa kamili ya maumivu walivuka upasuaji wakiwa na hali bora. Nadhani mabaki ya imani ile bado yapo wodini kwetu, katika kauli ya "atalia tu, atanyamaza". Uganda ilichukua hatua ambayo majirani walipaswa kuiiga upesi: tangu 1993, kupitia Hospice Africa ya Anne Merriman, mofini ya kunywa ilianza kuchanganywa kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 wauguzi waliosomea wakaruhusiwa kuiandika. Mofini ya kunywa kabla ya kubadilisha bandeji, na mingine ya usiku, humpunguzia mtoto idadi ya safari za thieta.

Lakini mwenye kushika dawa hizo ni nani? Mwaka 2007 matokeo ya utafiti wa Uganda yalichapishwa: kati ya wahudumu wa usingizi waliohojiwa, asilimia 23 tu walikuwa na vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa usalama. Kwa mtoto ilikuwa asilimia 13. Kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kinachoonyesha oksijeni ya damu, kinatumia mbinu iliyobuniwa na Takuo Aoyagi wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miongo mitatu baadaye thieta nyingi za kwetu zilikuwa bado hazina hata kimoja. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilitangaza kwamba watu bilioni tano duniani hawafikii upasuaji na usingizi salama kwa gharama wanayoimudu. Mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukaazimia kwamba upasuaji na usingizi ni sehemu ya huduma ya afya kwa wote. Tanzania ikatoa mpango wake wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi wa 2018 hadi 2025.

Karatu, mji wa mwisho kabla ya lango la Ngorongoro, una bahati yake. Frank Artress, daktari wa usingizi wa wagonjwa wa moyo kutoka California, alinusurika kifo mwaka 2002 mapafu yake yalipojaa maji akiwa Kilimanjaro. Yeye na mkewe Susan Gustafson wakahamia Tanzania, na mwaka 2008 wakafungua Karatu kliniki iliyokua ikawa hospitali ya FAME. Ni nadra hospitali ya vijijini kuanzishwa na mtu wa usingizi; kwa kawaida huanzishwa na mpasuaji, na usingizi ukafuata kama mzigo wa nyuma.

Oloipiri, hata hivyo, si Karatu. Tufanye hesabu ya dripu ya Charles Baxter wa hospitali ya Parkland, Dallas, inayotumika duniani tangu 1968. Mtoto wa kilo 10 ameungua asilimia 20 ya mwili. Mililita nne, mara kilo 10, mara 20: ni mililita 800 kwa saa 24, kiasi sawa na damu yake yote. Nusu iingie katika saa nane za kwanza, na saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipopokelewa. Sasa weka humo saa za kumsubiri baba aliye malishoni, za kutafuta pikipiki au gari, za kufika zahanati na kuandikiwa Wasso. Dripu inaanza wakati muda wa nusu ya kwanza umekaribia kwisha, na mtoto aliyekauka ndiye anayepaswa kulazwa usingizi. Mwaka 2011 barabara za kwenda Samunge zilijaa magari ya watu waliofuata kikombe cha dawa cha Babu, mzee Ambilikile Mwasapila, na nchi nzima ikajua kwa mara ya kwanza Loliondo iko mbali kiasi gani. Wenyeji walikuwa wanaujua umbali huo kwa hesabu ya wagonjwa. Ndege za Flying Medical Service kutoka Arusha zimebeba wengi, lakini ndege haiji usiku kwenye kiwanja kisicho na taa.

Kinachotokea baadaye kwa mtoto aliyepona bila kupandikizwa ngozi ndicho kinachoonyesha gharama ya kukosa usingizi mapema. Kidonda cha shingo kikiachwa kijifunge chenyewe, kovu huvuta kidevu mpaka kifua. Mtaalamu wa usingizi anakutana na mtoto ambaye kichwa hakiinuki na mdomo haufunguki vizuri, kwa hiyo mrija wa hewa hauingii kwa njia ya kawaida. Njia inayojulikana ni kumpa ketamini kwa uangalifu huku akipumua mwenyewe, kuchoma dawa ya ganzi kwenye kovu, na mpasuaji akalikata kwanza. Kichwa kikilegea nyuma, hapo mrija unaingizwa na upasuaji wenyewe unaendelea. Ni kazi ya mabingwa, ya KCMC au Muhimbili, si ya muuguzi mmoja wa zamu ya usiku. Ngozi nyembamba ya paja iliyopandikizwa katika wiki za kwanza ingeweza kulizuia kovu hilo.

Muda wa mpango wa taifa ulioishia 2025 umekwisha, na unaofuata unapaswa kurekebisha jambo moja la kiofisi lenye uzito mkubwa. Kubadilisha bandeji wodini mara nyingi hakuandikwi kwenye daftari la thieta. Kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakiagiziwi dawa wala mtumishi. Hospitali ikiandika upasuaji wa uzazi na wa ngiri tu, itapata ketamini na mofini za hao tu, na mtoto wa Oloipiri atashikwa mikono na watu wazima wanne huku shashi ikibanduliwa. Kila usafishaji wa kidonda cha mtoto aliyeungua uandikwe kama upasuaji: jina la dawa, dozi, uzito, jina la aliyekaa kichwani, na saa mtoto aliporuhusiwa kunywa maziwa.